Upenu wa Litugena

Vijana wa siku hizi wakiamka asubuhi wakaona jumba la baraza, mabafu ya maji moto na daraja lililojaa mikokoteni, wanadhani Londinio imekuwapo tangu kuumbwa kwa mbingu na nchi. Ukiwaambia kwamba hapa palikuwa na magugu na ng'ombe wa mjomba wangu, wanakucheka usoni. Nami nawaacha wacheke. Mimi ni Cunobarrus, seremala, mwenyeji wa ng'ambo ya kusini ya mto Tamesa. Mji huu nimeuona ukizaliwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na shoka mkononi. Lakini leo sitaki kujisifu. Nataka kusema habari za Litugena, muuza uji, kwa sababu watu wanapita mbele ya duka lake kila siku wakilalamika, na hawajui wanalalamikia nini.

Litugena alikuja kwa mashua kutoka Galia pamoja na mumewe, Docilis, wakati Londinio nzima ilikuwa barabara ya changarawe na vibanda vilivyotawanyika kilimani. Docilis alikuwa mpole, mwenye mguu mmoja mbovu, kwa maana pipa la divai liliwahi kumbingirikia gatini. Mkewe alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ukiisikia ng'ambo ya mto ungedhani yuko chumba cha pili. Walikuja na jiwe la kusagia, sufuria kubwa, na nia ya kuwapikia wapagazi uji wa shayiri. Waliniita niwajengee.

Sasa, sisi watu wa hapa nyumba zetu tulizijenga za mviringo, na paa letu linashuka mpaka karibu na ardhi. Wageni walitaka nyumba za pembe nne. Kuta za pembe nne nilikuwa nimekwisha kujifunza, ila paa mkono wangu ulikuwa bado unajenga la kwetu. Nilipomaliza kuezeka, upenu ulikuwa umetoka nje ya ukuta kiasi cha mtu mzima kulala chini yake na kujinyoosha.

Litugena akashika kiuno, akatazama juu, akatazama chini.

"Fundi Cuno, hii ni nyumba au umetuvika kofia?"

"Nitaukata, dada."

"Thubutu! Wapagazi watakula uji wao hapo mvua ikinyesha. Kosa ni lako, faida ni yangu. Au vipi, baba?"

Docilis akacheka mpaka akaegemea nguzo. Basi nyumba ikabaki na kofia yake, na kweli, mvua ikinyesha, na hapa kwetu haikawii, upenu ule ulikuwa umejaa watu na bakuli zao.

Wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Vitalis. Hakukaa. Homa ilimchukua kabla hajaota jino.

Hawa watu wa Roma, pamoja na wale wa Galia walioshika mila zao, hawazikani mjini. Mtu akifa anapelekwa nje ya mtaro wa mpaka wa mji, kando ya njia kuu, anachomwa, majivu yake yanazikwa huko. Ni sheria, na haina mchezo. Ila mtoto asiye na meno hachomwi wala hatolewi. Anabaki nyumbani. Anazikwa chini ya upenu, pale maji ya paa yanapodondokea, kwa sababu bado ni wa nyumba ile na hajawa na safari yake mwenyewe. Mimi kwetu tulikuwa na mambo yetu, lakini hili nililipenda tangu siku niliyolisikia.

Shimo nililichimba mimi. Upenu ulikuwa mrefu, kwa hiyo mtoto akalala mbali na ukuta, karibu na barabara. Litugena alimfunika kwa kigae kimoja cha mgongo wa duara alichokiokota gatini, kikakaa juu yake kama paa dogo, kisha tukarudisha udongo. Tangu hapo, kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu, aliteka kijiko cha uji akakimwaga pale. Wapagazi walijua, wakawa hawapakanyagi.

Kisha ukaja mwaka wa moto.

Malkia wa Waiceni, kabila la wenyeji wenzetu, alishuka kutoka kaskazini na watu wengi kuliko majani. Walikuwa wamedhulumiwa na Roma, hilo nalisema bila kuficha, na hasira yao ilikuwa na asili yake. Lakini hasira ikishapata miguu haichagui mlango. Jemadari wa Roma alifika na askari wake, akautazama mji, akaona hauna ukuta wala watu wa kuulinda. Akatangaza kwamba anaondoka, na mwenye uwezo wa kutembea amfuate.

Mimi nilikuwa dukani kwa Litugena siku hiyo, nikipigilia mbao mlangoni, kana kwamba mbao zingefaa kitu. Docilis alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wake mbovu ameunyoosha.

"Nenda, mama Vitalis," akamwambia mkewe. "Askari hawamngojei kiwete."

"Nitakubeba."

"Utanibeba mpaka wapi? Mpaka darajani?"

"Basi tutakaa wote."

"Tukikaa wote nani atakuja kututafuta?" Akasema hivyo kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. "Nenda. Mimi nitabaki na mtoto. Hajawahi kulala peke yake, na hataanza leo."

Litugena alimfunga mumewe shali yake shingoni, akatoka akafuata vumbi la askari. Hakugeuka. Najua kwa sababu nilisimama nikimtazama, nikiwa nimejua kwamba akigeuka tu hatakwenda.

Mimi nilivuka mto nikajificha kwenye matete ya kinamasi. Sitaki kueleza niliyoyasikia. Moshi ulifunika jua, na majivu yakatuangukia kichwani siku nzima, yakiwa bado ya moto.

Niliporudi nilikuta kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinasimama. Mji haukuwapo. Palikuwa na wekundu. Kuta zetu zilikuwa za fito na udongo, na moto ulikuwa umezioka zikawa matofali, kisha zikaanguka zikatapakaa, kilima chote kikawa chekundu kutoka mtoni hadi juu. Katika duka moja ngano ilikuwa imeungua ikiwa bado ndani ya mapipa. Punje zilikuwa nyeusi, kila moja na umbo lake, hata ule mfereji wa katikati ulionekana. Nikagusa, zikawa unga vidoleni. Na katikati ya yote hayo barabara ya changarawe ilikuwa imelala vilevile, imenyooka, haikuungua, haina nyumba kulia wala kushoto. Nilikaa chini palepale. Nilijiona mdogo kama sisimizi.

Watu walianza kurudi mmoja mmoja. Wa kwanza mtaani kwetu alikuwa Optatus, muuza vyungu, mtumwa wa zamani aliyenunua uhuru wake na tangu hapo hajanyamaza. Alinusurika kwa sababu alikuwa safarini Galia kuleta bidhaa. Aliponiona na shoka langu akatema mate.

"Nyinyi wenyeji ndio mliotuchoma, sasa mnakuja kutujengea?"

"Waliochoma zana zangu hawakuniuliza kabila, Bwana Optatus."

"Maneno hayo! Nitakulipa nusu."

"Utanilipa kamili, au utauza vyungu vyako mvuani."

Akanilipa kamili.

Litugena alirudi na mvua za kwanza. Alikuwa amekonda, miguu imepasuka, nguo ileile. Mifupa iliyokutwa mjini askari walikuwa wamekwisha kuikusanya na kuipeleka nje ya mtaro, yote pamoja, haina majina. Nilimwambia hivyo, kwa sababu kumficha kungekuwa kumdharau. Akapiga magoti kwenye ule wekundu akamlilia Docilis kwa sauti yake yote, na mji mzima, wale wachache tuliokuwapo, ukasimama kumsikiliza. Kisha akajifuta uso kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "nitafutie upenu wangu."

Hakusema nyumba wala duka.

Lakini mahali hapakuwa na alama. Tulipekua vifusi siku baada ya siku. Mwisho ni yeye aliyekanyaga jiwe lake la kusagia, limepasuka kwa joto, chini ya ukuta ulioanguka. Alilitambua kwa nyayo kabla ya macho. Kutoka kwenye jiwe alijua mlango ulipokuwa, na kutoka mlangoni alitambaa kuelekea barabarani, akitoa udongo mwekundu kwa mikono. Nilitaka kumsaidia akanikataza.

Chini ya wekundu palikuwa na weusi, na chini ya weusi, udongo wa zamani. Ulikuwa wa kijivu, umelowa, baridi. Aliuchimba mpaka kiwiko, kisha mkono wake ukasimama. Nilimwona akipapasa kitu cha duara pole pole, toka upande huu hadi huu.

"Hakijavunjika," akasema. "Weka mkono wako, Cuno. Weka uone. Ni baridi kabisa. Moto haukushuka."

Niliweka mkono. Mji wote ulikuwa umeteketea juu yake, shaba ilikuwa imeyeyuka na kioo kimekuwa machozi, na yule mtoto alikuwa amelala chini ya kigae chake kama tulivyomwacha. Hatukukiinua kigae. Tulirudisha udongo taratibu, tukakaa pembeni yake mpaka mvua ikatufukuza.

Sasa ndipo akaja Aufidius. Huyu alikuwa askari mpima ardhi, mrefu, mkavu, mtu wa Roma yenyewe, aliyetumwa kuupanga mji upya. Chombo chake kilikuwa mti wenye mikono minne juu, na kila mkono unaning'iniza timazi, kamba yenye kizito mwishoni. Nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna kitu cha Roma kitakachonishangaza tena, nikajuta kuapa. Alisimama katikati ya vifusi, akafumba jicho moja, akatazama kupitia kamba zake, akanyoosha mkono. Mtu aliyekuwa mbali, mdogo kama kunguru, akachomeka kigingi. Aufidius akageuka, akatazama, akanyoosha tena. Kufikia jioni palikuwa na mitaa. Hapakuwa na hata ukuta mmoja, lakini mitaa ilikuwapo, na watu wakaanza kutembea ndani yake na kupishana kwenye kona. Mungu wangu! Nilimfuata yule bwana nyuma kutwa nzima kama kifaranga.

Amri zake zilikuwa fupi. Barabara kuu itapanuliwa. Nyumba zitarudi nyuma, zikae kwenye mstari. Upenu usizidi urefu wa mkono. Na mfupa wowote wa binadamu utakaoonekana ndani ya mtaro upelekwe nje.

Litugena alisikiliza, akaenda kuvitazama vigingi, na mimi nikamfuata. Mstari mpya wa ukuta wake ulikuwa nyuma kabisa. Mtaro wa maji wa barabara ulipangwa kupita palepale alipolala mtoto, na ng'ambo ya mtaro ni magurudumu. Upenu wa urefu wa mkono usingemfikia. Mtoto asiye chini ya paa si wa nyumba tena, ni maiti iliyo mjini, na kwa sheria ile angetupwa kule kwenye mifupa isiyo na majina. Wachimba mtaro walikuwa njiani na majembe yao.

"Fundi," akasema, "nijengee kama zamani. Zaidi ya zamani."

"Na amri ya afande?"

"Umeisikia wewe. Mimi nilikuwa nakoroga uji."

Nikajenga. Nilichagua mialoni mirefu kuliko yote, nikasukuma boriti nje ya ukuta mpaka wasaidizi wangu wakanitazama kama mwendawazimu, nikazitegemeza kwa mihimili ya kushoto na kulia ili upepo usizing'oe. Paa likavuka vigingi vya serikali likaingia barabarani. Watu walisimama kulitazama. Chini yake Litugena aliweka benchi, akateka kijiko cha kwanza cha uji, akakimwaga mahali pake.

Kelele zilianzia kwa Optatus, aliyekuwa jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Jirani! Paa lako linakojolea vyungu vyangu!"

"Visogeze."

"Nivisogeze wapi? Hilo dubwasha limenizibia jua, limenizibia wateja. Mtu akitoka darajani haoni duka langu, anaona kofia yako tu!"

"Akiona vyungu vyako atarudi darajani."

Wapagazi walicheka hadi uji ukawatoka puani. Optatus alipandwa na mori. Angeweza kuja kuzungumza, angeambiwa ukweli, lakini kiburi kilimshika, na Litugena naye hakuwa mtu wa kuombaomba. Asubuhi moja ya mvua nzito tukamwona Optatus anakuja na Aufidius, na nyuma yao watu wa msumeno.

Nilikuwa juu ya ngazi. Niliteremka haraka, kwa sababu nilijua adhabu ya kwanza ni ya fundi. Litugena aliweka mwiko chini, akaenda kusimama chini ya ukingo wa paa, pale maji yalipokuwa yakimwagika. Maji yakamlowesha kichwa, hakujipangusa.

Aufidius aliingia chini ya upenu, akautazama boriti kwa boriti. Ilikuwa kazi nzuri, nadhani aliona.

"Nani amejenga hii?"

"Mimi, afande."

"Hujui mkono una urefu gani?"

"Najua, afande."

"Ni mimi niliyemwambia," Litugena akasema. "Muache fundi. Niulize mimi."

"Basi nakuuliza wewe, mama. Jemadari mwenyewe nimemvunjia ghala lake kwa sababu lilitoka nje ya mstari. Wewe ni nani hata barabara ikupishe?"

"Mimi si mtu, afande. Ni muuza uji. Lakini mwanangu amelala hapa."

"Mnaona!" Optatus akadakia. "Hajawahi kusema hilo! Miezi yote hii nagombana naye, hajataja mtoto. Anatafuta njia ya kuponyoka. Chimbeni hapo, muone kama hamkuti mawe matupu!"

Watu wa msumeno wakatazamana. Mmoja akashika jembe. Litugena hakusogea, na ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwa amesema. Alijua neno litakalofuata litakuwa hilo la kuchimba. Moto wenyewe ulikuwa umemwacha yule mtoto usingizini, na sasa jembe litamwamsha.

Nikapayuka. "Afande, shimo nililichimba kwa mkono wangu. Kigae nimekigusa baada ya moto. Ukitaka kiapo nitakula kwa miungu yenu na yetu, na wakibaki wengine nitaapa kwao pia."

Aufidius alikuwa akimtazama yule mwanamke.

"Alikuwa na meno?" akauliza.

Nakwambia, nimeishi na watu hawa miaka mingi, nimekula chakula chao na kusema lugha yao, lakini sijawahi kuwaelewa kama siku ile. Mtu mwingine angeuliza jina la mtoto, au ugonjwa wake. Huyu aliuliza sheria, na sauti iliyouliza ilikuwa imekauka.

"Hata moja, afande," akasema Litugena. "Fizi tupu."

Aufidius akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama pale hasa. Akarudi nyuma, akatoka chini ya paa, akasimama mvuani na maji yanamtiririka shingoni.

"Mama yangu ana wawili," akasema. "Nyumbani. Upenuni, mlango wa nyuma."

Kisha akainama, akashika kigingi cha mtaro wa barabara kwa mikono yake miwili, akakitikisa, akaking'oa. Akatembea nacho hadi nje ya tone la mwisho la upenu, akakichomeka, akakikanyaga kwa kisigino. Msaidizi wake, aliyezoea kuona timazi ikitiiwa kuliko jemadari, akashindwa kujizuia.

"Afande, mstari utapinda."

"Nina macho."

"Lakini ni barabara kuu, afande."

"Ndiyo maana ina nafasi. Leta kile kingine."

Wakang'oa cha pili na cha tatu, wakavipanga upya. Barabara ya Roma, ambayo nimeiona ikipasua misitu na kukata vilima isimpishe mtu, ikajikunja mbele ya duka la uji, ikapita pembeni, ikarudi kwenye mstari wake. Nilivua kofia yangu. Watu wa msumeno walikuwa wamekwisha kuvua zao.

Optatus aliondoka. Baadaye nilimwona, peke yake, anahamisha vyungu vyake vyote kutoka upande wa duka la uji kwenda upande wa pili, kimoja kimoja, ili watu wasikanyage ovyo wakivijia. Tangu siku hiyo akawa ananunua uji kwa Litugena asubuhi na mchana, na kuulalamikia mara zote mbili.

Mji ukakua juu ya ule wekundu. Leo ukichimba kisima popote hapa utaukuta, utepe mwekundu ndani ya ardhi, na sisi sote tunalala na kupika na kuoana juu yake. Matete ya paa niliyaondoa nikaezeka vigae. Barabara iliwekwa changarawe juu ya changarawe, na kila tabaka lilijipinda palepale, kwa sababu mafundi waliolifuata lililopita hawakuuliza. Wenye mikokoteni wanatukana kila wakifika kwenye kona ile. Mvua ikinyesha, wao pia wanajibanza upenuni.

Litugena hakuolewa tena. Alizeeka akaota ndevu mbili tatu kidevuni, na meno yakaanza kumtoka. Kila likitoka moja alikuwa na furaha ya ajabu.

"Hesabu mwenyewe, fundi," alikuwa akinifumbulia mdomo mbele ya wateja. "Nimekaribia. Likitoka la mwisho, hakuna wa kunitoa mjini. Sheria si inasema asiye na meno azikwe upenuni?"

"Sheria inasema mtoto, dada."

"Inasema meno! Muulize Aufidius."

"Aufidius alishakwenda kwao zamani."

"Basi nani atabisha?"

Tulicheka, lakini alikuwa hatanii, na mimi nilijua. Alifariki mwisho wa majira ya baridi, kitandani, akiwa amekwisha kukoroga uji wa kesho. Alikuwa amebakiwa na jino moja la chini, gumu kama yeye.

Hakuwa na ndugu huku. Mimi na Optatus tulimtoa nje ya mtaro, kama mila inavyotaka, tukampangia kuni kavu. Mimi ndiye niliyemfumba macho na kumfunga kidevu. Moto ulipokwisha tukaiosha mifupa yake kwa divai, tukaitia katika chungu ambacho Optatus alikuwa amekichagua siku nzima akikataa kila kimoja. Kaburi lilikuwa limechimbwa tayari kando ya njia, pazuri, panapotazama mto.

Optatus alikaa na chungu mapajani. Amekuwa mzee sana, kichwa kinamtikisika.

"Fundi."

"Naam."

"Ulimfunga kidevu wewe."

"Mimi."

"Lile jino lake. Ulilionaje?"

Nilitazama mto.

"Sikuliona."

"Hukuliona, au hukutazama?"

"Mzee mwenzangu, nimetazama. Hana hata moja. Fizi tupu."

Alinitazama kwa muda mrefu, yule mtu aliyewahi kutaka tuchimbe ili aone. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha.

"Basi sheria ni sheria," akasema, akanipa mkono nimwinue. "Tumrudishe nyumbani."

Tulirudi naye mjini kwa barabara kuu, mchana kweupe, wazee wawili na chungu. Tulipofika pale inapopinda, mtu wa mkokoteni akasimamisha ng'ombe wake, akatupisha.